Kuchunguza safari za kwenda kazini kwa GPS na ramani za kidijitali: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huulizwa na wanafunzi, maofisa wa mipango miji na watu wa kawaida waliosikia kwamba simu iliyo mfukoni inaweza kueleza jinsi watu wanavyokwenda kazini na kurudi. Inaweza, kwa sehemu kubwa. Ila kuna jambo nitalirudia humu mara nyingi: safari ya mtu haianzii kituoni, inaanzia mlangoni kwake. Kile kipande cha kutoka mlangoni hadi barabarani ndicho GPS, mfumo wa setilaiti unaoiwezesha simu kujua mahali ilipo, hukikosa zaidi, ndicho ramani nyingi hazina, na ndicho chenye siri kubwa kuliko vingine vyote.

Utafiti wa namna hii unatafuta nini hasa?

Njia ambayo mtu ameipita kweli, saa aliyoondoka, alikosimama na kwa muda gani, alipobadilisha chombo cha usafiri, na jinsi siku moja inavyotofautiana na nyingine. Mpangaji wa miji akiyapata hayo anajua kivuko cha waenda kwa miguu kinahitajika wapi, na kituo gani cha basi kimewekwa mbali na watu wanaokitumia.

Si ingetosha kuwauliza watu wenyewe?

Kwa miaka mingi ilikuwa hivyo. Mtu alipewa shajara ya safari, akajaza jioni: nilitoka saa ngapi, nilipanda nini, nilifika saa ngapi. Tatizo ni kumbukumbu, wala si uongo. Watu huandika dakika 30 au 45; ni nadra kumkuta aliyeandika 37. Na safari fupi husahaulika kabisa: aliyempeleka mtoto shule, akapita dukani, kisha akaenda ofisini, huandika tu kwamba alikwenda ofisini. Kwake yeye hiyo ilikuwa safari moja, lakini kwenye ramani ni tatu.

Mwaka 1996, huko Lexington katika jimbo la Kentucky, Marekani, kaya 100 zilifungiwa vipokezi vya GPS kwenye magari yao, na huo ukawa miongoni mwa majaribio ya kwanza ya kulinganisha wanachosema watu na wanakopita. Tangu hapo tafiti nyingi zimeonyesha jambo lilelile: GPS huona safari ambazo shajara haikuziona.

Hata hivyo sitaki mtu aitupe shajara. GPS haijui kwa nini ulipita pale. Tutalirudia hilo hapo chini.

Je, setilaiti inaniona?

Hapana. Hili ndilo jambo linaloeleweka vibaya kuliko yote, na ni lazima mshiriki alielewe kabla hajatia saini fomu ya ridhaa. Setilaiti za GPS ziko juu kiasi cha kilomita 20,200, na kazi yake ni kutangaza saa na mahali zilipo, mfululizo, kama redio isiyojua ni nani anayeisikiliza. Simu yako inasikiliza tu, haipeleki chochote kwa setilaiti. Kinachoweza kukufichua ni programu iliyo ndani ya simu, ambayo huchukua jibu la hesabu na kulipeleka kwenye seva fulani kwa njia ya intaneti. Kwa hiyo mtu akikuomba usakinishe programu ya utafiti, muulize: data inakwenda wapi, nani anaifungua, na itakaa huko hadi lini?

Hesabu yenyewe ni ya kupima muda. Mawimbi husafiri kwa kasi ya mwanga, karibu kilomita 300,000 kwa sekunde, kwa hiyo hutumia kama sehemu 7 za 100 za sekunde kutoka setilaiti hadi kwako. Simu hulinganisha saa yalipotumwa na saa yalipofika, na hapo inapata umbali. Umbali kutoka setilaiti tatu ungetosha kupata mahali ulipo kama simu ingekuwa na saa kamilifu. Haina. Saa ikikosea kwa sehemu moja tu ya milioni ya sekunde, umbali unakosewa kwa mita 300. Ndiyo sababu setilaiti zenyewe hubeba saa za atomiki, na setilaiti ya nne ndiyo inayoipa simu nafasi ya kusahihisha saa yake.

Hadi mwanzoni mwa Mei 2000, serikali ya Marekani ilikuwa ikivuruga makusudi mawimbi yanayotumiwa na raia, kiasi kwamba kosa liliweza kufika mita 100 hivi. Ilipoacha, kila kipokezi duniani kiliboreka siku ileile bila mtu kukigusa. Kwa kosa la mita 100, huwezi kujua mtu amepita barabara ipi kati ya mbili zinazokaribiana. Utafiti wa njia za kila siku, kama tunavyoufanya leo, ulipata nguvu kuanzia hapo.

GPS, GLONASS, Galileo, BeiDou: nichague upi?

Huna haja ya kuchagua. GPS ni ya Marekani, GLONASS ya Urusi, Galileo ya Ulaya na BeiDou ya China. Simu nyingi za sasa husikiliza mifumo hiyo yote kwa pamoja. Faida yake huonekana katikati ya majengo marefu, ambako kipande cha anga unachokiona ni kidogo: setilaiti zikiwa nyingi angani, uwezekano wa kuzinasa nne au zaidi huongezeka. Watu husema "GPS" wakimaanisha yote hayo, nami nitafanya hivyo hapa.

Nina simu ya kawaida tu. Inatosha?

Inatosha kwa utafiti mwingi. Chini ya anga wazi, simu hukosea kwa mita 5 hivi. Inatosha kujua barabara uliyopita. Haitoshi kujua ulikuwa upande upi wa barabara, wala kama ulitumia njia ya baiskeli au ya magari. Simu zinazopokea masafa mawili hufanya vizuri zaidi mjini, kwa sababu zinaweza kutofautisha wimbi lililokuja moja kwa moja na lile lililogonga ukuta kwanza.

Mahali simu inapokaa kuna uzito pia. Simu iliyoko mkononi au mfuko wa juu wa begi hunasa vizuri. Simu iliyozama chini ya begi, nalo limewekwa sakafuni ndani ya basi lililojaa, inasikia kwa shida, kwa kuwa miili ya watu nayo huzuia mawimbi. Usiwaambie washiriki waibebe kwa namna fulani, maana utabadilisha tabia unayotaka kuichunguza. Waulize tu waliibeba wapi, kisha uandike.

Nirekodi kila baada ya sekunde ngapi?

Piga hesabu kwa kasi. Basi linalokwenda kilomita 50 kwa saa hupita karibu mita 14 kila sekunde. Ukirekodi kila baada ya sekunde 30, kati ya nukta na nukta kuna zaidi ya mita 400: basi linaweza kukata kona mbili hapo katikati na wewe usijue. Kwa sekunde 5 pengo ni mita 70 kwa basi na mita 7 kwa mtembea kwa miguu. Mimi hutumia sekunde 5 kama wanaochunguzwa wanatembea sana, na sekunde 10 kama wengi wako ndani ya magari na siku za kurekodi ni nyingi.

Rekodi ya kila sekunde ni nzuri kuitazama, lakini humaliza betri, na mtu ambaye simu yake imezimika saa tisa alasiri ataizima programu yako kesho yake. Programu nzuri hutumia kihisi cha mwendo: simu ikitulia mezani, GPS inalala, ikitikiswa inaamka. Tatizo ni kwamba huchelewa kuamka, na hilo linatuleta kwenye swali lifuatalo.

Kwa nini mwanzo wa safari haupo kwenye rekodi zangu?

Nafurahi likiulizwa, kwa sababu wengi hawajui kwamba haupo.

Simu ikiamka, haijui setilaiti ziko wapi. Kila setilaiti hutangaza maelezo ya njia yake angani kwa mzunguko wa sekunde 30, na simu ikikosa kipande cha tangazo kwa sababu umepita chini ya paa, inasubiri mzunguko mwingine. Kwa kawaida intaneti husaidia kuyaleta maelezo hayo haraka, ila kama mshiriki amezima data ili kuokoa bando, simu itayasubiri kutoka angani. Tuseme imechukua dakika 2. Mtu anayetembea kwa kasi ya kawaida, mita 1.3 hivi kwa sekunde, tayari ameshapita mita 150 na zaidi. Ameshuka ngazi, amekata uchochoro, ameruka mtaro, amevuka barabara ndogo. Nukta ya kwanza inatokea akiwa ameshafika barabara kuu.

Kisha mchambuzi anaichora safari kana kwamba mtu yule alichipuka kando ya lami. Ripoti inaandika "umbali wa kutembea hadi kituoni: mita 90". Ukweli ni mita 240, na mita 150 zilizopotea ndizo zenye matope, giza na mtaro. Nimewahi kuifanya mimi mwenyewe hesabu ya aina hiyo na kuiwasilisha mbele ya watu. Mama mmoja aliyekuwa mshiriki akaniuliza kwa upole: "Mwanangu, hapa mbona sioni daraja letu la mbao?" Halikuwepo kwa sababu kila asubuhi simu yake ilikuwa bado inatafuta setilaiti wakati yeye akilivuka.

Namna za kujiokoa zipo. Ya kwanza, tumia mwisho wa safari ya jana jioni: mtu anaporudi, GPS imekwishaamka, kwa hiyo kipande kilekile hurekodiwa vizuri kwa upande wa kurudi. Usidhani tu kwamba njia ni ileile, maana watu wengi hupita kwingine giza likiingia. Ya pili, mwombe mshiriki aiwashe programu dakika chache kabla ya kutoka, akiwa karibu na dirisha. Ya tatu, ambayo naiamini kuliko zote, tembea naye mara moja. Dakika kumi za kutembea na mtu kutoka mlangoni kwake zitakufunza mengi ambayo faili zake za wiki nzima hazina.

Mstari wangu unaruka juu ya majengo. Simu ni mbovu?

Simu ni nzima. Mawimbi yamegonga kuta yakafika yamechelewa, na kuchelewa kunasomeka kama umbali zaidi. Dawa ya kwanza ni kupima kasi kati ya nukta na nukta: mtu akihama mita 80 kwa sekunde moja, hiyo ni kilomita 288 kwa saa, kwa hiyo ifute nukta hiyo. Dawa ya pili ni kuangalia kipimo cha uhakika ambacho simu huandika pamoja na kila nukta. Kikisema mita 60, usiiamini kama unavyoiamini yenye mita 5. Jambo moja tu: hifadhi faili la asili kando, usisafishe juu yake. Unachokiona leo kuwa ni uchafu huenda kesho kikawa njia ya chini ya ardhi.

Nukta zinaunganishwaje na barabara?

Nukta ni namba mbili tu, latitudo na longitudo. Hazijui kuna barabara. Kazi ya kuzipachika kwenye mtandao wa barabara hufanywa na programu, na njia iliyoenea zaidi ni ile iliyoelezwa na Newson na Krumm mwaka 2009. Wazo lao ni rahisi kulieleza. Kwa kila nukta, orodhesha barabara zilizo karibu. Kisha usichague iliyo karibu zaidi kwa kila nukta peke yake, bali tafuta mfululizo mzima unaoleta maana: mtu hawezi kuwa barabara ya juu sekunde hii, ya chini sekunde ijayo, kisha juu tena. Barabara inayoleta safari ya kuaminika tangu mwanzo hadi mwisho ndiyo inayoshinda.

Hufanya kazi vizuri sana kwa magari. Kwa watembea kwa miguu kuna mtego: programu inaweza kupachika nukta kwenye barabara zilizomo ndani ya ramani tu. Mtu akikatiza uwanja kwa kijia ambacho hakijachorwa, programu haitasema "sijui". Itamzungusha kwenye lami, mita 900, wakati yeye alikatiza mita 300. Na namba hiyo itaingia kwenye wastani bila mtu kushtuka.

Kwa hiyo kabla ya kupachika, weka nukta zote mbichi juu ya picha ya setilaiti na uzitazame kwa macho. Ukiona watu kumi tofauti wamekatiza mahali pamoja ambapo ramani haina kitu, umepata njia ya mkato. Ichore. OpenStreetMap, ramani iliyoanza mwaka 2004 nchini Uingereza na inayochorwa na watu wa kujitolea duniani kote, inakuruhusu kuongeza kijia hicho wewe mwenyewe, na kesho mtu mwingine atakikuta. Hakikisha tu kwamba ni njia ya umma na si ua wa mtu.

Nitumie programu gani ya ramani, na kwa nini umbali wangu unatoka wa ajabu?

QGIS inatosha. Ni ya bure, ilianza mwaka 2002, na inafungua faili za GPX zinazotolewa na programu nyingi za kurekodi.

Umbali wa ajabu karibu kila mara hutokana na kupima kwa digrii. Digrii moja ya latitudo ni kilomita 111 hivi popote ulipo. Digrii ya longitudo ni kama hiyo kwenye ikweta, lakini kwenye latitudo ya 60 imebaki nusu. Na ramani za kawaida za mtandaoni zimevutwa ili zionekane vizuri kwenye skrini: kwenye latitudo hiyo hiyo ya 60, umbali unaosomeka moja kwa moja kwenye ramani hiyo ni mara mbili ya ule wa ardhini. Geuza data yako iwe kwenye mfumo wa mita, kama UTM, ambao umeigawa dunia katika kanda 60, ndipo upime.

Utajuaje kama mtu alitembea, alipanda basi au pikipiki?

Kwa kasi, kwa namna kasi inavyobadilika, na kwa mahali aliposimama. Hebu tusome rekodi moja ya mfano.

Saa 06:41 nukta zinaanza, mita 1.3 kwa sekunde, zimepangana sawasawa. Anatembea. Saa 06:49 zinakusanyika mahali pamoja na kuchezacheza ndani ya duara la mita kumi, kama nyuki mbele ya mzinga. Amesimama, GPS haijui kutulia hata mtu akitulia. Saa 07:00 zinaondoka kwa mita 9 kwa sekunde, zinasimama sekunde 20, zinaondoka tena, zinasimama tena: basi, na zile dakika 11 zilikuwa za kulisubiri. Kuanzia 07:12 hadi 07:31 kasi inacheza kati ya sifuri na mita 1.5. Je, ameshuka na kutembea?

Ukitazama wastani wa kasi peke yake utasema ndiyo. Tazama mpangilio. Mtembea kwa miguu huenda kwa mwendo mmoja. Hizi zinasukumana: kidogo mbele, kimya sekunde 40, kidogo mbele. Ni foleni. Na saa 07:31 kasi inapanda ghafla hadi mita 11, bila kusimama pengine kokote kwa kubadilisha chombo, kwa hiyo hakuwa ameshuka. Ingekuwa pikipiki, kile kipande cha foleni kingekuwa kifupi zaidi, kwa sababu pikipiki hupenya.

Programu hufundishwa kufanya usomaji huu zenyewe, na zinafanya vizuri. Kinachozishinda mara nyingi ni kutofautisha basi na gari dogo ndani ya foleni moja. Hapo muulize mshiriki.

Kusimama kwa dakika ngapi kuhesabiwe kuwa mwisho wa safari?

Wachambuzi wengi huanzia dakika 2 hadi 5. Ukiweka 2, taa za barabarani na foleni zitakata safari moja vipande vinne. Ukiweka 10, utakosa aliyempeleka mtoto shule. Jaribu vipimo vitatu kwa rekodi za watu wachache unaowafahamu, linganisha na walichokwambia, kisha chagua, na uandike kwenye ripoti ulichochagua.

Saa kwenye faili hailingani na saa aliyoandika mshiriki. Nani kakosea?

Hakuna. GPX huandika saa ya dunia, UTC. Kwa msafiri wa Afrika Mashariki, tukio la 07:30 litaandikwa 04:30. Na kama shajara yako ni ya Kiswahili, mshiriki ataandika "saa moja na nusu", kama tunavyosema sote. Saa tatu tofauti kwa dakika ileile moja. Karani asiye makini ataingiza 01:30 kwenye jedwali, na utapata wafanyakazi waliotoka nyumbani usiku wa manane. Kwenye fomu weka kisanduku cha asubuhi, mchana, jioni na usiku, na uamue mapema nani anageuza saa, na kwenye hatua gani.

Nahitaji watu wangapi na siku ngapi?

Inategemea unachouliza, lakini siku moja haitoshi kwa swali lolote la safari za kazini. Chukua dakika za mtu mmoja kwa siku tano: 42, 44, 43, 71, 45. Wastani ni 49, na hakuna siku hata moja aliyotumia dakika 49. Muhimu zaidi, mtu huyu hapangi asubuhi yake kwa kuangalia 44. Anaamka kwa ajili ya ile 71, kwa sababu akichelewa mara moja ndiyo atakayokumbukwa nayo kazini. Ukipima siku moja hutaiona. Pima wiki mbili ukiweza.

Kuhusu watu, hofu yangu kubwa ni nani hayumo, kuliko idadi. Wenye simu za batani tu hawamo. Wenye simu kuukuu ambazo betri hufa mchana hurekodiwa asubuhi tu. Na mara nyingi hao ndio wenye safari ndefu kuliko wote. Watafute kwa makusudi, uwaazime vipokezi vidogo vya GPS, au ukae nao na ramani ya karatasi.

Naweza kujua kwa nini mtu huchagua njia fulani?

Kwa GPS peke yake, huwezi. Unaona amezunguka mita 400 zaidi kila jioni. Labda anakwepa mbwa, labda giza, labda anapitia kwa mzazi wake mgonjwa. Mwonyeshe ramani ya safari yake mwenyewe, siku moja au mbili baada ya kusafiri, umwache azungumze. Watu wakiona mstari wao juu ya ramani hukumbuka mambo ambayo hojaji isingeyatoa. Usianze na "kwa nini ulizunguka?" maana inasikika kama lawama. Anza na "nieleze hapa".

Nikifuta majina, nimeshalinda siri za watu?

Hapana. Mwaka 2013 ulichapishwa utafiti uliotumia data za simu za watu milioni 1.5 kwa miezi 15. Data hizo zilikuwa butu kuliko GPS: mnara wa simu uliokuwa jirani, pamoja na saa ya tukio, hakuna zaidi. Hata hivyo nukta 4 tu za mahali na saa zilitosha kuwatofautisha asilimia 95 ya watu na wengine wote. Fikiria: ni watu wangapi hulala nyumba ile na kufanya kazi jengo lile? Mara nyingi ni mmoja. Na mwanzoni mwa 2018, ramani ya dunia ya mazoezi iliyochapishwa na Strava, programu ya kurekodi mazoezi, isiyo na jina la mtu yeyote, iligundulika kuwa inaonyesha ramani za kambi za kijeshi kwa sababu askari walikimbia humo wakiwa na vifaa vyao.

Hatari zaidi ni kile kipande cha mlangoni. Wengi huchora duara la mita 200 kuzunguka nyumba na kufuta nukta zilizo ndani. Ni wazo zuri lenye tundu: mtu akitoka kwa njia tatu tofauti, mistari mitatu itakatika kwenye ukingo wa duara, na yeyote mwenye kalamu anaweza kuunganisha ncha hizo na kupata kitovu. Kitovu ni nyumba. Sogeza kitovu pembeni kwa umbali wa kubahatisha, mara moja tu kwa kila mtu. Ukikisogeza upya kila siku, wastani wa siku nyingi utarudi palepale nyumbani.

Utaona mgongano hapa: nimesema kipande cha mlangoni ni muhimu mno, sasa nasema kifiche. Yote mawili ni kweli. Kichunguze kwenye kompyuta iliyofungwa, kwa watu wachache walioruhusiwa, na utoe nje majumlisho tu: wakazi wa eneo hili hutembea mita kadhaa hadi kituoni, wengi wao huvuka mtaro bila daraja. Mstari wa mtu mmoja usitoke, hata kama ni mzuri kwa slaidi.

Mwajiri wangu anataka turekodi safari za wafanyakazi wote "kwa ajili ya utafiti". Tufanye?

Si kwa namna hiyo. Ridhaa ya mtu kwa bosi wake ni ngumu kuwa ya hiari, na simu haijui kuacha kurekodi ikifika kanisani, msikitini, hospitali au kwenye mkutano wa chama cha wafanyakazi. Kama nia ni kupanga basi la ofisi, dodoso la maswali manne linatosha: unaishi eneo gani, unatoka saa ngapi, unapanda nini, unashukia wapi. Kama GPS inahitajika kweli, aikusanye mtu wa nje ambaye hawezi kumpa mwajiri rekodi ya mtu mmoja mmoja, na atakayekataa asijulikane.

Njia za mabasi za mji wetu hazimo kwenye ramani yoyote. Naweza kuzirekodi?

Unaweza, na mfano bora upo. Jijini Nairobi, Chuo Kikuu cha Nairobi kikishirikiana na vyuo vya MIT na Columbia vya Marekani kiliwapandisha wanafunzi kwenye matatu wakiwa na simu, wakarekodi njia na vituo. Ramani ya karatasi ya njia zaidi ya 130 ilitolewa mwaka 2014, na data ikapangwa kwa mfumo wa GTFS, ule ule ambao programu za simu hutumia kumwambia msafiri apande basi gani. Mfumo huo ulizaliwa Portland, Marekani, mwaka 2005, kwa ushirikiano wa shirika la usafiri la mji huo na Google.

Ukianza yako, panda kila njia zaidi ya mara moja na kwa saa tofauti. Vituo visivyo rasmi huhama, na dereva hubadilisha njia akiona foleni. Andika jina la kituo kama abiria wanavyolitamka, hata kama kibao kinasema vingine.

Nianzie wapi?

Anzia kwako. Kesho rekodi safari yako mwenyewe, kwenda na kurudi, kila baada ya sekunde 5. Usiku, kabla ya kufungua faili, chora kwa kalamu njia uliyopita na uandike dakika unazodhani ulitumia kila kipande. Kisha fungua ramani, uweke vyote viwili sambamba, na utafute nukta ya kwanza ya asubuhi ilitokea mita ngapi kutoka mlangoni kwako.